Katibu wa Sehemu ya Saba

Kwa miaka yote niliyomfahamu Katibu, sikumwona hata siku moja akisimama kwenye mstari wa kumalizia mbio. Yeye alisimama pale zinapoanzia. Bastola ikilia, wakimbiaji wakimrushia matope kwenye suruali iliyopigwa pasi, alitazama saa, akaandika, akafunga kalamu, kisha akaenda kwenye gari lake kujimiminia chai ya tangawizi. Ukimuuliza kwa nini hangoji kuona nani ameshinda, alikujibu kwamba mshindi ataletewa kwenye karatasi, kwa nini apigwe na mvua bure.

Alikuwa katibu wa muungano wa vyuo vya Birmingham na miji ya jirani vilivyoshindana mbio za nyika kila majira ya baridi. Wenyeviti walibadilika, wote maprofesa, lakini yeye alibaki, na hakuna aliyemwita kwa jina lake. Siku za kazi alikuwa karani katika ofisi ya utafiti ya chuo kikuu kimoja kikubwa. Kazi yake pale ilikuwa kupitia maombi ya fedha ambayo maprofesa huwapelekea wafadhili, kuhakikisha kila karatasi ipo, na kugonga muhuri. Kwa karibu miaka ishirini aligongea muhuri utafiti wa watu wengine, na naamini aliusoma wote.

Mimi nilikuwa mratibu wa michezo katika chuo kidogo karibu na Newtown. Wanafunzi wetu walikuwa akina mama waliorudi shule, wakimbizi, vijana waliofeli mara ya kwanza, na wauguzi watarajiwa. Uwanja wetu ulikuwa bustani ya halmashauri, na ilibidi tuwasubiri wenye mbwa wamalize. Mimi ni Msomali niliyelelewa Nakuru, nikapita Uholanzi miaka minne kabla ya kufika Birmingham mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Siku ya kwanza nilipopeleka wakimbiaji wetu kwenye mbio za wazi, zile ambazo yeyote aliruhusiwa kuingia, nilisimama mbele ya meza ya usajili nimelowa chapachapa nikajisemea kwa Kiswahili, "Mvua gani hii isiyo na adabu."

Mzee mwenye kilemba cha buluu aliyekuwa ameinamia orodha, na huyo ndiye Katibu, hakuinua hata kichwa; lafudhi yangu ilimtosha.

"Na ile ya Nakuru ilikuwa na adabu? Ama umesahau mwezi wa nne?"

Tangu siku ile akaniita Nakuru, kama vile mimi ndimi mji mzima. Mimi nilimwita Uncle, kama tulivyowaita Wahindi wote wa rika lake kule nyumbani, Singasinga kwa Mpatel. Yeye mwenyewe alijiita kalasinga kabla mtu mwingine hajamwita hivyo kwa dhihaka, ili amalizane na jambo hilo mapema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri ila kiligota mwaka aliopanda ndege. Simu ya mkononi aliita simu ya mfukoni, na nilipomwambia kitu fulani ni poa, aliuliza kama nimekipuliza.

Alikuwa na desturi moja ambayo ilinichukua muda kuielewa. Kiswahili kilikuwa cha chai. Tungekaa ndani ya gari lake madirisha yamejaa mvuke, akinipa chapati mbili zilizofungwa kwenye karatasi ya foili pamoja na achari ya ndimu, huku wengine wote wakipewa moja, na tungezungumza habari za maduka ya Nakuru na nani alioa nani. Lakini jambo likifika pa kuamuliwa, hata likiwa dogo kama kuahirisha mbio kwa ajili ya theluji, alihamia Kiingereza. Ukisikia Kiingereza ujue mazungumzo yamekwisha. Niliona ni kichekesho na sikulifikiria zaidi.

Maprofesa aliwaheshimu kupita kiasi. Profesa akiingia chumbani, Katibu alisimama hata kama chapati ilikuwa mdomoni. Alijua nani ameandika nini, nani amenyimwa fedha na nani amepewa, na alitaja majina yao kama wengine wanavyotaja wachezaji wa mpira. Hapohapo aliwacheka bila huruma. "Profesa wa kweli utamjua kwa viatu, Nakuru. Viatu vimetoboka, fedha ya research imejaa. Ukiona viatu vizuri, huyo ni administration." Viatu vyake yeye viling'aa.

Yeye mwenyewe alisoma mwaka mmoja tu chuoni Nairobi kisha akaacha. Hakunieleza sababu, nami sikuuliza. Alipofika Birmingham alifanya kazi kwenye ghala la vipuri vya magari Digbeth, akasomea ukarani jioni, akapanda polepole. Sasa mwenye duka la mboga pale Stechford, alikokaa na mkewe, alimwita Professor. Nilikuwepo siku moja. "Professor, bamia leo ni nzuri sana," mtu yule alisema, na Katibu akaitika, akachagua bamia, akalipa, akashukuru. Alipogeuka na kuniona namtazama, alisema bamia kweli ni nzuri. Na huyu ndiye mtu ambaye angekurudishia barua kwa sababu umeandika "takriban wakimbiaji kumi" wakati walikuwa tisa.

Alipotumwa kukagua chuo kilichoomba kujiunga na muungano, hakuanzia uwanjani. Aliomba kupelekwa maktaba. Alipita kati ya makabati mikono iko nyuma, akavuta kitabu kimoja kimoja, akaangalia kimeazimwa mara ngapi. "Kiwanja mtu anaweza kuazima," aliniambia. "Maktaba utaazima kwa nani?" Alipokuja kukagua kwetu, mkutubi wetu alikuwa amepanga vitabu viwili viwili vikiachiana nafasi ili rafu zisionekane tupu. Katibu aliviona, akavisogeza vikae kama vilivyotakiwa kukaa, na pengo likabaki wazi katikati ya rafu.

Inabidi nieleze muungano wenyewe, maana mtu wa kawaida hawezi kuamini kwamba ili uruhusiwe kukimbia kwenye matope ni lazima chuo chako kiwe na maabara. Vyuo wanachama vilikuwa tisa. Vilikuwa na mfuko wa pamoja wa utafiti wa sayansi ya michezo, na wafadhili wa mfuko ule walipenda kuona orodha ya vyuo vyenye majina. Kila chuo pia kilichapa orodha hiyo kwenye vijitabu vya kuvutia wanafunzi: sisi tunashindana na fulani na fulani. Kwa hiyo walipotangaza kwamba wataongeza chuo kimoja, hawakuuliza nani ana wakimbiaji. Walitaka kujua nani hatawaaibisha kwenye orodha. Fomu ya maombi ilikuwa na sehemu nane, na ya saba ndiyo iliyomaliza wengi. Ilisema: taja utafiti wa chuo chako na mfadhili wake.

Sisi hatukuwa na utafiti. Sisi tulikuwa na Riziki.

Riziki alikuwa mwanafunzi wetu wa uuguzi, Mkongo wa Bukavu, umri miaka ishirini na miwili, akikaa na mama yake Newtown. Alfajiri alisafisha ofisi za watu mjini, asubuhi akawa darasani, na mazoezi aliyafanya katika muda uliobaki, ambao haukuwa mwingi. Muungano ulitoa msaada wa masomo kila mwaka kwa wakimbiaji wawili wa vyuo wanachama, ada pamoja na posho. Katika mbio za wazi Riziki aliwashinda wote wawili waliokuwa na msaada huo, tena mmoja wao Riziki alimwacha mbali kiasi kwamba yule dada alipofika Riziki alikuwa ameshabadilisha soksi. Chuo chetu kikikubaliwa, angeweka ufagio chini, akasoma na kukimbia. Kikikataliwa, Mkuu wetu wa chuo alikuwa ameshanieleza kwa upole kwamba klabu itafungwa mwisho wa mwaka. Hilo ndilo nililolipigania, na sikulala vizuri miezi miwili.

Mkuu ndiye aliyekumbuka damu. Mwaka uliotangulia chuo kikuu kimoja kilichunguza upungufu wa damu kwa wanariadha wa kike, wakatuomba watu wa kupimwa, tukawapelekea wasichana sita, Riziki akiwemo. Mchango wetu wote kwa sayansi ulikuwa vichupa sita. Lakini Mkuu alisema, tulishiriki, si ndivyo? Kushiriki ni kushiriki. Nikakaa na fomu, nikaandika sehemu ya saba kwa Kiingereza kizuri, na nilipomaliza ule utafiti ulikuwa wetu, mfadhili wetu, na maprofesa wa watu wamekuwa wasaidizi.

Nilijua vizuri kwamba chuo kikuu chenye utafiti ule ndicho alichofanyia kazi Katibu. Sikuwa nikimficha. Nilifikiri ataona, atatabasamu kwenye ndevu zake, atapitisha. Tulikuwa tumekunywa chai pamoja miaka mitatu. Yeye wa Nakuru, mimi wa Nakuru, na kule tulikotoka ndivyo faili linavyosogea: unamjua mtu, mtu anakujua. Hilo ndilo kosa langu, na Mwingereza asingelifanya, kwa kuwa hana mtu wa nyumbani wa kumtegemea ofisini. Nilidhani lugha tuliyoizungumza ndani ya gari lile ilikuwa ahadi.

Alinipigia simu siku ya Alhamisi. "Njoo nyumbani Jumamosi, mama anapika."

Nilikwenda Stechford na sambusa sahani nzima. Mkewe alitupikia dengu na wali, tukala, tukaongea habari za magoti yake mama na bei ya nyumba. Vyombo vilipoondolewa, Katibu aliifuta meza mara mbili kwa kitambaa kikavu, akaweka fomu yangu juu yake.

"Nakuru, hii nili-stamp mimi."

Kidole chake kilikuwa juu ya sehemu ya saba.

"Hii research ya damu. Ilipita mezani kwangu. Page kumi na nne ilikosa signature, nikapanda ngazi mwenyewe kuitafuta."

"Uncle, watoto wetu walitoa damu."

"Basi andika hivyo. Andika walitoa damu."

"Nikiandika hivyo watatukataa."

"Watakataa, ndiyo."

"Na Riziki unamjua. Umemwona akianza mbio, si mara moja."

"Nimemwona." Aliziangalia sambusa zangu ambazo hakuna aliyezigusa. Akasogeza fomu upande wangu. "You have until Monday," alisema.

Nilirudi na treni nikiwa nimefura. Sikuwa na hasira kwa sababu amenikamata. Nilikuwa na hasira kwa sababu alinilisha kwanza. Jumapili niliiandika upya sehemu ya saba. Niliandika kwamba wanafunzi sita wa chuo chetu walichangia sampuli za damu kwa utafiti wa chuo kingine. Sentensi moja, hakuna zaidi. Mkuu alipoisoma alinitazama kama mtu aliyepasua sahani kwa makusudi, lakini alitia saini.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi mdogo wenye zulia la kijani. Waombaji tuliruhusiwa kukaa nyuma. Katibu aliketi mezani kati ya maprofesa, karatasi zake zimenyooka, na alisoma kila ombi kuanzia sehemu ya saba, kwa sababu ndivyo walivyozoea kusikia. Alipofika kwetu alisoma ile sentensi kwa sauti ileile aliyosomea zile za utafiti wa mamilioni ya pauni. Profesa mmoja alicheka. Wengine wawili wakamfuata. Katibu alinyamaza mpaka walipomaliza, akaandika kitu, akaendelea na sehemu ya kwanza. Kumbukumbu za kikao zilipotumwa wiki iliyofuata nilikuta katikati yake, kwenye mstari wa peke yake, neno moja: kicheko. Hata hilo aliliandika.

Kura mbili tu zilituunga mkono. Katibu hakuwa na kura.

Chuo kilichokubaliwa kilikuwa na maabara tatu za moyo na mapafu na hakikuwa na timu. Mbio zao za kwanza walileta watu watatu, mmoja amevaa buti za bustani, na kwenye kilima cha kwanza akasimama kuuliza njia. Vijitabu vya mwaka uliofuata vilikuwa vizuri sana, orodha imejaa.

Nilimweleza Riziki kwenye kituo cha basi, maana ndipo nilipomkuta, na mimi sikuwa na subira ya kutafuta mahali pa staha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Balikamata damu yangu," alisema kwa Kiswahili cha Bukavu, utafiti akiuita kwa Kifaransa, "sasa banasema recherche haiko yetu? Donc damu ilikuwa ya nani?"

Basi lake lilikuja akapanda. Wiki ileile alichukua zamu ya pili ya usafi. Nilimpigia simu mara nyingi nikimwambia bado kuna mbio za wazi, bado kuna msimu ujao, na kila mara alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, niko nachoka." Klabu ilifungwa. Mimi nilihamishiwa dawati la kupiga picha za vitambulisho, kazi ambayo si mbaya, unakaa na hunyeshewi.

Na kwa Katibu nilikata mguu. Sikwenda tena kwenye mbio wala Stechford. Kila mwaka mpya aliniletea kadi, ndani yake ameandika kwa Kiingereza salamu za heri kwangu na familia yangu, na akatia saini kwa cheo chake. Sikujibu hata moja. Watu wa muungano walisema alikuwa mtu mwadilifu kuliko wote, na nilipowasikia nilikubali, kwa sababu ilikuwa kweli, na nikazidi kuchukia.

Miaka sita ilipita. Siku moja mchana, mwishoni mwa muongo ule, nilikuwa nimekwenda Stechford kumwona shangazi yangu, na nikirudi nikamkuta kwenye benchi la kituo cha treni akiwa peke yake. Alikuwa amestaafu. Alikuwa amekonda, fimbo iko kati ya magoti. Ningeweza kusimama upande wa pili wa ngazi na asingeniona, lakini miguu ilinipeleka.

"Nakuru," alisema.

"Uncle. Habari ya siku nyingi."

"Bado nahema."

Niliketi. Alisema naye anangoja treni ya mjini. Aliniuliza watoto, nikamwambia hawajibu kwa Kiswahili tena ila wakitajwa wao wanakielewa. Nilimuuliza mkewe, akasema magoti yalifanyiwa upasuaji na sasa hakamatiki.

"Yule msichana wako. Bado anakimbia?"

Nilifungua mdomo, lakini aliinua mkono.

"Ngoja. Kabla hujajibu nikwambie kitu. Ile sehemu ya saba niliandika mimi."

Nilidhani anasema aliipiga chapa. Akatikisa kichwa.

"Mimi niliitunga. Zamani fomu haikuwa na kitu kama hiyo. Mimi nilikuwa nakaa dirishani, kiti cha pembeni, naandika minutes. Miaka saba nakaa dirishani. Siku moja wanalalamika kuna vyuo vidogo vinataka kuingia, watawakataa na sababu gani? Nikasema, kwa nini msiulize research? Kila mtu kimya. Halafu chairman akasema, that's a very good question. Akaniambia, bring your chair." Alipiga fimbo chini mara moja, taratibu. "Nikaleta kiti mezani. Mpaka nikastaafu sikukirudisha."

"Kwa hiyo ulivyonirudishia fomu yangu..."

"Uongo ni uongo, sikuweza kuupitisha. Lakini ile siku ya kikao ningesema, wazee, hii sehemu ni ya upuuzi, mimi niliitunga, tuifute. Mimi tu ndiye ningeweza. Wangenisikia." Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, iko mfukoni. Sikuitoa."

Nilimuuliza kwa nini, ingawa nilishajua. Alisema ni kwa sababu ya kiti.

Tangazo lilisema treni ya mjini inakaribia. Watu wakaanza kusogea ukingoni mwa jukwaa.

"Sasa niambie," alisema. "Anakimbia?"

Nilijua anachokitaka. Ningeweza kusema anakimbia Jumapili bustanini, kwamba amepata watoto, kwamba ana furaha, na mzee mgonjwa angerudi nyumbani jioni kula dengu kwa amani. Isingenigharimu chochote. Nilikuwa na hasira, siwezi kukana, lakini si hasira iliyojibu. Aliyenifanya niandike jambo kama lilivyo, hata likitunyima kila kitu, ni yeye.

"Aliacha wiki ileile, Uncle. Na uuguzi pia hakumaliza. Bado anasafisha ofisi."

Alilipokea. Aliitikia kwa kichwa mara mbili, polepole, kama alivyofanya alipokuwa akihakiki karatasi na kukuta hakuna kilichosahaulika.

"Asante," alisema.

Treni ilisimama, milango ikafunguka, nikaingia nikakaa upande wa dirisha. Treni ilikuwa ya sote wawili, lakini Katibu hakuinuka.